Tulivyokata Posho

Wanachama wenzetu mmeshatuzoea. Kila Jumanne jioni, wengine mkielekea maktaba au mkijifanya mnaelekea huko, sisi watatu hupita mbele ya ukumbi wa wanafunzi na masanduku ya plastiki mikononi, tumeyashika kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Mmetuuliza mara nyingi kuna nini humo, nasi tumezoea kujibu kwa mzaha: jeshi. Mhariri ameuchoka mzaha huo na ametuagiza tuandike. Basi tunaandika, tukitanguliza kwamba kuna jambo moja katika habari hii ambalo hatujamweleza mtu, na hata siku lilipotokea hatukulizungumza sisi kwa sisi mpaka tulipofika kituo cha basi.

Tuanze na sisi wenyewe. Mmoja wetu ni mtoto wa Tanga, amekulia Ngamiani. Wa pili ametoka Nairobi, ingawa ukimuuliza kwao ni wapi atakuambia Machakos. Wa tatu amezaliwa Leicester kwa wazazi wa Unguja, na Kiswahili chake ni kile cha bibi yake, yaani kizuri, cha kizamani na chenye kukaripia. Tulijuana hapahapa chamani, mwaka wa kwanza, kwenye foleni ya pilau ya kuwakaribisha wageni.

Kilichotuingiza katika mchezo huu ni mvua, si mapenzi ya historia. Jioni moja ya Novemba tulikuwa tunarudi kutoka dukani, ikatukamata njiani, tukajibanza kwenye baraza ya ukumbi wa kanisa. Mlango ulikuwa wazi. Ndani mlikuwa na taa, birika kubwa la chai, na wazee kama kumi na tano wamezunguka meza ndefu. Juu ya meza kulikuwa na mji. Mtoto wa Tanga akachungulia, akanyamaza, halafu akasema polepole, "Jamani, ile si Ras Kazone?"

Ilikuwa Ras Kazone. Meza ilikuwa na urefu wa mita mbili na nusu, na juu yake palikuwa na bandari, reli, nyumba, mashamba, na vikosi vya askari wafupi kuliko kidole gumba. Wazee wale walikuwa wanacheza vita vya Tanga vya mwaka 1914. Mwenzetu aliingia bila kukaribishwa, akaitazama bahari yao waliyoipaka kijivu, akawaambia kwa Kiingereza cha adabu kwamba maji ya pale hayana rangi hiyo hata siku ya mawingu. Mzee mmoja, dereva wa treni mstaafu, akamkabidhi brashi. Mpaka leo hatujairudisha.

Kwa wasioujua, mchezo wenyewe ni huu. Unachagua vita vilivyopiganwa kweli, unajenga uwanja wake mezani, unapanga majeshi ya sanamu ndogo, kisha watu wawili au zaidi wanaviongoza vikosi kwa zamu. Umbali wa kusogea hupimwa kwa futikamba, na aliyepigwa hujulikana kwa dadu na jedwali la kanuni. Sanamu zetu ni za milimita 28, kila moja inasimama badala ya watu arubaini. Asili yake ni ya kijeshi hasa: mwaka 1824 afisa wa Prussia aitwaye Reisswitz aliwatolea wakubwa wake mchezo wa ramani na vipande vya kusogeza, ili maafisa wajifunze kuamuru bila kumwaga damu. Baadaye raia nao wakaupenda. Mwandishi H.G. Wells alitoa kitabu chake Little Wars mwaka 1913, akisema vita vidogo vya sakafuni ni bora kuliko vile vikubwa. Mwaka uliofuata vikubwa vikaanza.

Sisi tuliokulia karibu na baraza hatukuona ugeni mwingi. Bao nalo ni vita: mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, nyumba ya kulinda, na mzee anayekutazama kwa huruma kabla hajakula. Tofauti ni kwamba kete za bao hazifi. Ukiziteka unazipanda upande wako, zikupiganie. Wazee wa klabu walicheka tulipowaeleza hilo, mpaka dereva wa treni akatukumbusha kwamba ndivyo ilivyokuwa: askari Waafrika wengi wa jeshi la Wajerumani walipotekwa waliingia King's African Rifles, wakamfuata bwana wao wa jana porini. Kete zilibadili upande.

Lakini kucheza ni nusu tu ya starehe, na pengine ni nusu ndogo. Saa nyingi huishia kwenye rangi. Sanamu inakuja tupu, ya plastiki ya kijivu au ya madini, ikiwa na mabaki ya kalibu pembeni ambayo lazima uyakwangue kwa kisu. Unaiosha kwa maji ya sabuni, maana mafuta ya kiwandani huikataa rangi. Inafuata rangi ya kwanza ya kupuliza, na hiyo hupulizwa nje, baridini, sanamu zikiwa ndani ya boksi la viatu ili upepo usizichafue. Baada ya hapo ndipo unapokaa kitako: kaki ya shati, kahawia ya mkanda, kijivu cha chuma. Mwisho unapaka rangi nyepesi kama maji ya chai, itiririke kwenye mikunjo ya nguo na kuacha kivuli. Ikishakauka unapitisha brashi iliyo karibu kavu juu ya sehemu zilizoinuka, na mara kitu kilichokuwa plastiki kina mabega. Macho tuliyaacha baada ya kujaribu mara tatu. Kila askari alitoka kama aliyeona jini.

Iliyotusumbua ni ngozi. Katika seti tuliyoazimwa kulikuwa na kichupa kilichoandikwa "ngozi", na rangi iliyokuwamo ilikuwa ya waridi. Ya kwetu ilibidi tuichanganye. Wengi wanaoanza hupaka kahawia moja wakamaliza, na matokeo yake ni uso uliozibwa, hauna shavu wala paji. Tulijifunza kwa kuharibu: unaanza na kahawia iliyokoza yenye zambarau kidogo, unaipandisha kwa nyekundu ya udongo, na kwenye pua na mashavu unaongeza njano badala ya nyeupe, kwa sababu nyeupe huleta sura ya majivu. Mwenzetu wa Leicester alikuwa akiweka mkono wake chini ya taa na kulinganisha. Tulipomaliza askari ishirini na watano wa kwanza hapakuwa na wawili wenye rangi moja, na wazee wa klabu waliizunguka meza wakiinama. Tulifurahi kweli, na hatuoni sababu ya kuficha.

Vita vya Tanga vyenyewe ni kama vilitungiwa mezani. Waingereza walileta kwa meli kutoka India watu wapatao elfu nane, chini ya Jenerali Arthur Aitken. Upande wa pili Paul von Lettow-Vorbeck alikuwa na watu elfu moja hivi, wengi wao askari Waafrika, ambao sehemu kubwa aliwaharakisha kwa treni kutoka Moshi, mwendo wa kilomita zipatazo 350. Nafasi hiyo alipewa na adui zake wenyewe: nahodha wa manowari Fox aliwatangazia kwanza wenye mji kwamba makubaliano ya kutoishambulia bandari yamevunjwa, badala ya kuwashukia ghafla. Tarehe 4 Novemba watu wa Aitken waliingia vichakani na mashambani wakiwa wamechoshwa na bahari, kikosi hiki hakimwoni kile, na jioni wakarudi pwani wakikimbia. Siku ya pili walipanda meli, wakaacha nyuma mamia ya bunduki, risasi laki kadhaa, na zile bunduki za rashasha ambazo wazee wetu waliziita bombom. Lettow-Vorbeck alizihitaji mno. Askari wake wengi walikuwa bado na bunduki za mtindo wa 1871, ambazo moshi wake ulimwonyesha adui mahali hasa pa kulenga.

Halafu nyuki. Wenyeji walikuwa wametundika mizinga mitini, risasi zikaipasua, na nyuki wakawashukia wapiganaji, wanajeshi wa Kihindi wakiumia zaidi. Tuliwaeleza wazee kwamba kwa Kiswahili mzinga wa nyuki na mzinga wa kivita ni neno moja, wakafurahi hata wakaliingiza kwenye kanuni zao. Kanuni za nyuki zina ukurasa mzima: lini waamke, warushiwe dadu ngapi, upepo uwapeleke wapi. Nyuki wenyewe ni punje za ufuta zilizopakwa njano.

Mwenzetu wa Machakos alikuwa anapanga askari wa Kijerumani mezani, mwezi wa pili au wa tatu wa kuzoeana kwetu na klabu, alipouliza, "Mizigo yao iko wapi?"

Kampuni moja ya jeshi lile ilikuwa na askari mia na sitini hivi, na wapagazi zaidi ya mia mbili. Tulitazama kanuni. Nyuki walikuwa na ukurasa; wapagazi hawakuwa na mstari. Mzee mmoja akatueleza kwa upole kwamba wapagazi hawapigani, kwa hiyo mezani hawana la kufanya. Hakusema kwa ubaya, na kwa kanuni zile alisema kweli.

Kila mtu hapa chamani anaijua methali ya tembo na nyasi. Wahadhiri wetu wameshaikuta katika insha zetu mpaka wanatuomba tuwahurumie. Kwa habari hii tunaona hata haifai, kwa kuwa nyasi huumia zikiwa zimesimama pale zilipoota. Hawa waling'olewa makwao wakatembezwa nchi nzima. Waingereza peke yao waliandika au kukamata wapagazi na vibarua wanaokaribia milioni moja katika vita vile vya Afrika Mashariki. Waliokufa, kwa hesabu zilizoandikwa, wanapita 95,000, wengi kwa kuhara, malaria na nimonia kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps, ndimi zetu zikakigeuza Kariakoo, na leo tunanunulia vitenge humo Dar es Salaam bila kufikiri. Nairobi nako kuna Kariokor yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa.

Mmoja wao ni wa kwao mwenzetu. Kaka yake baba wa babu yake alichukuliwa mwaka 1917, mwaka wa msako mkubwa, asirudi. Hapana kaburi wala karatasi. Kilichobaki ni jina, ambalo ukoo haukutaka lipotee, likawa linapewa mtoto huyu na yule mpaka likamfikia yeye. Kwa desturi hiyo ya jina, babu yake, mzee aliyepita miaka themanini, humwita "baba mkubwa". Sisi wawili tulidhani ni utani wa wazee. Siku ile mezani ndipo alipotueleza ni baba mkubwa yupi.

Tukaamua kutengeneza wapagazi arubaini. Dukani hawakuwapo, angalau si wa kufanana na tuliowataka, kwa hiyo tulinunua mashujaa wa plastiki wenye mikuki na tukaanza kuwanyang'anya. Mkuki unakatwa kwa kisu, mkono unapashwa moto kwa maji ya chai na kupindwa juu hadi kichwani. Blanketi ni tishu iliyolowekwa kwenye gundi. Mizigo tuliifinyanga kwa lami ya kuchongea ikachukua sura ya magunia, maboksi ya risasi, hema lililokunjwa, masufuria. Kata za kichwani zilitutoa jasho: uzi wa pamba unazungushwa mara tatu, unabanwa kwa gundi, unapakwa rangi ya majani makavu. Mwenzetu wa Leicester hakuwahi kuona kata maishani mwake. Bibi yake alimfundisha kwa simu, akizungusha khanga mbele ya kamera.

Wazee walifurahi na kazi yetu, wakakubali tucheze safari badala ya vita. Wao walitaka Beho Beho, kwa sababu mwindaji mashuhuri Frederick Selous aliuawa pale tarehe 4 Januari 1917. Sisi tukataka njia iliyolisha jeshi lililokwenda huko, kutoka stesheni ya Mikese hadi mto Rufiji. Tukaandika kanuni zetu za chakula, na tunaomba mvumilie hesabu kidogo, kwani habari yote imo humo.

Tuliweka kwamba mpagazi anabeba kilo 25 na anakula kilo moja kwa siku. Safari tulikadiria siku kumi kwenda na kumi kurudi. Basi katika mzigo wake mwenyewe anakula kilo 20, na anachokifikisha ni kilo tano. Ukitaka kulisha wanajeshi elfu moja kwa kilo moja kila siku, lazima wapagazi mia mbili wafike kila siku, na kwa kuwa kila mmoja anatumia siku ishirini njiani, unahitaji watu elfu nne kwenye njia hiyo wakati wote. Sanamu moja ya mpagazi tuliihesabu kuwa watu mia. Sanamu zetu arubaini zilitosha sawasawa.

Sisi watatu tulishika ugavi wa Waingereza, na wazee wakashika Wajerumani. Zamu tatu za kwanza zilikwenda vizuri, tulijisifu. Zamu ya nne dadu ikaleta mvua, na mvua za mwaka 1917 kule Rufiji zilikuwa mafuriko kweli. Siku kumi zikawa kumi na tano. Sasa mpagazi anakula kilo thelathini kwenda na kurudi, naye amebeba ishirini na tano. Jeshi letu lilikuwa linakufa njaa ng'ambo ya mto, na mzee wa upande wa pili alikuwa ameanza kupanga mikono kifuani kama mtu aliyemaliza kazi.

Mwenzetu wa Machakos ndiye aliyekuwa na kalamu. Alitazama jedwali, akaandika nusu kilo pale palipokuwa na kilo moja, akatuonyesha. Tulikubali kwa vichwa. Kwa nusu posho mpagazi anakula kilo 15 na kufikisha kilo kumi. Jeshi linakula tena. Kanuni yetu wenyewe ilisema kwamba kwa posho kamili sanamu ya mpagazi huondolewa mezani dadu ikianguka moja, na kwa nusu posho ikianguka moja, mbili au tatu. Tulirusha dadu. Tuliondoa sanamu, tukarusha tena. Hakuna aliyesema tusimame, na tusijidanganye, kulikuwa na msisimko. Jeshi lilivuka. Ilipofika saa tatu usiku mzee wa upande wa pili alinyoosha mkono akatupongeza. Tulikuwa tumeshinda.

Wakati wa kufungasha ndipo tuliposhika sanduku la walioondolewa. Zilikuwa sanamu kumi na saba, zimelala ubavu na mizigo yao, rangi ya kata bado mpya. Watu elfu moja na mia saba, kwa kiwango chetu. Tulifunga kifuniko, tukaaga. Kituoni mtoto wa Tanga akasema, "Hata hatukubishana." Basi likaja.

Jumapili yake mwenzetu alimpigia babu yake, sisi wawili tumekaa kando kitandani. Alimweleza habari za rangi na sanamu, na kwamba tumetengeneza Kariakoo nzima. Mzee alicheka sana. Akataka aonyeshwe, akaonyeshwa, akasogeza simu karibu na jicho. Kisha akauliza kwa sauti ileile ya utani, "Sasa, baba mkubwa, wewe walikubebesha nini?"

Mwenzetu alisema hajui. Mzee akasema naye hajui, baba yake hakumwambia, maana hata baba yake alikuwa mtoto walipokuja kumchukua. Akauliza tena, "Na chakula mlikuwa mnapata?" Ilichukua muda kabla hajajibiwa. Mwenzetu alimwambia, "Kidogo, babu." Wakaendelea na habari za mahindi na mvua ya huko.

Tangu siku hiyo tumekuwa na mgogoro wa kanuni ambao haujaisha. Mwenzetu wa Leicester anataka kila mpagazi anayekufa ampunguzie mchezaji pointi, ili anayekata posho asiweze kushinda. Mtoto wa Tanga anapinga: anasema walioamuru kule hawakupunguziwa chochote, Aitken alishushwa cheo kwa kushindwa Tanga, si kwa kuua wabeba mizigo, na mchezo unaosema vingine utakuwa umetunga uongo wa kutufariji. Mwenzetu wa Machakos anawasikiliza wote wawili huku akipaka rangi. Wazee wa klabu wanalalamika tu kwamba saa nzima imekwenda kwenye kuhesabu unga. Nao wana haki, mchezo wetu unachosha.

Wapagazi sasa ni arubaini na mmoja. Wa mwisho ana kata kichwani na mikono yote miwili imeinuliwa, ila hatujamwekea mzigo. Tulimjaribia gunia, likatolewa; boksi la risasi, likatolewa pia. Kwa sasa anakwenda mezani hivyohivyo.

Mchezo unaofuata ni Jumanne ya kwanza ya muhula, ukumbi uleule, saa kumi na mbili na nusu jioni. Tunahitaji watu wa kutusaidia kupaka wengine ishirini, kwani tumeamua kurefusha njia. Aje na nguo asiyoionea uchungu. Rangi ikishakauka haitoki.